Kina cha Vidole Vitatu

1

"Lita elfu moja na hamsini," alisema Nahodha Mwachofi kwenye redio, kwa sauti ile ile ambayo mtu huagizia chai ya maziwa. "Siku sita, dada Toyi. Tunatua, tunapakia maji, tunakupakia na wewe, tunaondoka. Siwezi kukaa chini zaidi ya saa tatu."

Nilimwambia sawa. Ningemwambia sawa hata angeniomba Ziwa Tanganyika lote. Nilikuwa na miezi kumi na minne katika kituo kile, na mkataba wangu ulikuwa wa miezi minane. Mtu wa kwanza wa kunipokea alivunjika mguu kabla ya kuondoka Duniani, wa pili hakupatikana, na wa tatu nadhani hakutafutwa. Kisha wakubwa wakaamua kuyafunga machimbo ya ncha ya kusini ya Mwezi, na hapo ndipo mtu mmoja alipokumbuka kwamba yule mwanamke wa maji bado yuko shimoni.

Nasema shimoni kwa sababu ndipo nilipokuwa. Kituo changu ni vyumba vitatu na mtambo, chini ya ukingo wa kreta ambamo jua halijawahi kuingia tangu Mwezi uwe Mwezi. Barafu iko hapo kwa sababu hiyo hiyo. Ni barafu chafu, ina vumbi, ina kiberiti, inanuka yai viza. Kazi yangu ilikuwa kuichimba, kuiyeyusha, kuikeneka, yaani kuigeuza mvuke na kuirudisha kuwa maji, mpaka inyweke, kisha kujaza pipa moja la lita arobaini kila siku. Pipa nililiweka kwenye reli ya kurushia, nikalirusha kwenda machimboni ng'ambo ya kreta, au juu kwa vyombo vinavyozunguka Mwezi.

Kule machimboni nilikuwa na rafiki mmoja, Nasimiyu, mpishi wao, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona uso. Kila Jumatatu alinipigia kuagiza maji, na kila Jumatatu agizo la dakika moja lilituchukua saa nzima. Yeye ndiye aliyeniambia, kabla hata hajawaambia wenzake, kwamba ana mimba. Sasa ilikuwa ya miezi saba. Alikuwa ameshaniambia kwamba siku tukionana atanishika masikio yote mawili ahakikishe kwamba mimi ni mtu na si redio.

Wachimbaji walikuwa kumi na wawili. Ukiongeza Nasimiyu na nahodha, ni kumi na wanne. Na mimi wa kumi na tano. Chombo cha Mwachofi kinaitwa Malagarasi, na niliposikia jina hilo mara ya kwanza nililia, maana mto huo unapita kwetu. Kingetutoa Mwezini na kukaa nasi angani siku thelathini na tano, tukisubiri chombo kikubwa cha kutoka Duniani. Mashine yake ya kusafisha maji yaliyokwisha kutumika ilikuwa imekufa. Kwa hiyo lita mbili kwa kila mtu kwa kila siku, kwa siku thelathini na tano, na kwa kuwa kituo kinafungwa, hakuna atakayebaki kuturushia hata tone.

Mtambo wangu ulitoa lita arobaini kwa siku. Kwa siku sita, mia mbili na arobaini. Nilikaa juu ya kitanda nikaitazama hesabu hiyo, nikaitazama tena, na haikubadilika.

2

Mtambo wenyewe ni pipa la chuma, refu kunizidi, jembamba kama kisima. Unajaza maji machafu, unafungulia koki inayotazama nje, na nje ni ombwe tupu, hakuna hewa hata ya kujaza kijiko. Penye ombwe maji hayangoji kupata moto ndipo yachemke. Huchemka yakiwa ya baridi, baridi ya kutia ganzi vidole. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilicheka peke yangu mpaka nikapaliwa.

Lakini huchemka juu tu. Maji ya chini yamebebeshwa uzito wa yale ya juu, hivyo yanakaa kimya yakisubiri zamu yao. Mvuke unatoka pale maji yanapokutana na utupu, kwenye uso wao, na uso wa pipa langu unatosha kukumbatiwa na mtu mmoja. Ukiongeza joto kwa pupa, pipa linacheua; linatapika matope kwenye bomba la maji safi na unaanza upya. Nilishawahi kujaribu. Nilikunywa maji yenye ladha ya yai viza kwa siku nne.

Kwetu Uvinza mama alichemsha chumvi. Hakuwa na pampu wala koki, ila hakuna mtu angeweza kumshawishi aweke maji chumvi kwenye sufuria refu. Alikuwa na makarai mapana, mapana hasa, na maji ndani yake hayakuzidi kina cha vidole vitatu. Mimi na pacha wangu Bukuru tulikuwa vipimo vyake: tunatumbukiza vidole, maji yakifika fundo la tatu la kidole cha shahada tunachapwa kwa kuzidisha. Mama hakutueleza kwa nini. Alisema tu kwamba maji yanataka nafasi ya kuondokea.

Nilinyanyuka kitandani nikaitazama sebule yangu. Mita sita kwa tano. Chini ya sakafu zimepita nyaya za joto, za kumzuia mkazi asigande. Mlango wa nyuma unafunguka kwenye ghala la barafu, ambalo ukuta wake mmoja ni mwamba wenyewe wa kreta, wenye baridi ya kufanya mvuke wowote unate papo hapo. Nilikuwa nimelala miezi kumi na minne ndani ya karai na sikujua.

Siku ile ile nilihamisha kila kitu. Kitanda, kiti, picha ya mama, mche wangu wa pilipili, vyote nilivisukumia kwenye chumba cha mavazi ya nje, ambacho ni kidogo kama stoo ya duka. Nilijenga kizingiti cha udongo wa Mwezi mlangoni. Nikavaa vazi la nje, nikaitoa hewa yote sebuleni, na nyumba yangu ikawa sehemu ya Mwezi.

Kisha nikalimwaga pipa la mtambo sakafuni.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu mama, na kuhusu mimi. Mama hakuwahi kulimaliza karai. Chini aliacha siku zote maji mazito kidogo, akayaita ya kuanzia, na mpishi mwingine wa chumvi akikwangua karai lake mpaka chini, mama alimwona mtu asiye na adabu. Nami niliposoma kitabu cha maelekezo ya mtambo, pale penye agizo la kufungua koki ya chini kila siku thelathini na kumwaga kila kilichotuama, nilitabasamu. Nilijiambia kwamba hiki kimeandikwa na watu ambao hawajawahi kuchemsha kitu maishani mwao. Sikuifungua koki ile hata mara moja. Niliacha ya kuanzia, miezi kumi na minne, na mtambo wangu ulifanya kazi vizuri kuliko wa mtu yeyote aliyenitangulia. Nilijivuna kwa hilo. Hata Nasimiyu nilimsimulia.

Ila sasa nilihitaji kila lita. Nililipindua pipa mpaka tone la mwisho, nikaongeza barafu kwa koleo, nikasawazisha kwa ubao. Nikainama na vazi langu zito nikatumbukiza glovu. Vidole vitatu.

Nilipofungulia ombwe, sakafu nzima iliamka. Maji yalichemka kutoka ukuta hadi ukuta, uso wa mita za mraba thelathini, mara sitini ya uso wa pipa. Yalijaribu kuganda kwa sababu kila mvuke unapoondoka huchukua joto lake, nami nikawasha nyaya za chini zote, yakakubali. Saa ya kwanza niliacha gesi chafu zitoke nje. Halafu nikafunga koki, nikafungua mlango wa ghala, na mvuke ukahamia huko kama watu wanaowahi kivuli. Baada ya muda mfupi ukuta wa mwamba ulikuwa umeota sufi nyeupe ya barafu, safi, na niliikwangua kwa koleo nikiimba nyimbo za kanisani ambazo nusu ya maneno nimeyasahau.

Pipa la kwanza lilipojaa nilifanya alivyofanya mama. Yeye, kwa chumvi ya kwanza ya msimu, alitumbukiza kitu chake mwenyewe ndani, ili chumvi imjue mwenyewe. Mimi nilikuwa na hereni yake ya dhahabu. Alipofariki tuligawana, Bukuru moja, mimi moja, na miaka yote hiyo tumetembea na sikio moja tupu. Nilitumbukiza hereni ndani ya pipa, nikafunga kifuniko, nikarudi kwenye koleo.

Siku nne nilifanya hivyo. Nilijaza mapipa ishirini na saba, na sakafu ikakauka. Nililala nimejikunja chumba cha mavazi, miguu juu ya kiti, na nilikuwa na furaha. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilipanga hata nitakachokula siku ya kwanza nyumbani: ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga, na mtu wa kula naye.

3

Siku ya tano nilifungua pipa la kwanza kuchukua hereni yangu, na hereni ilikuwa nyeupe.

Haikuwa nyeupe yote. Kichwa kilikuwa bado dhahabu, lakini kitone kinachoning'inia chini kilikuwa cha rangi ya bati, na nilipokisugua kwa kidole rangi haikutoka. Nilikaa chini. Kila anayefanya kazi na barafu ya kreta hufundishwa, siku ya kwanza, kitu kimoja kinachoifanya dhahabu kuwa nyeupe. Barafu hii ina zebaki. Kidogo sana, chembe kwenye kila tani, ndiyo maana mtambo una koki ya chini.

Kipimo cha zebaki kilikuwa kimefungwa kwenye bomba la pipa kuu. Kwa miezi yote kilisoma sifuri, mpaka nikaacha kukitazama. Na kilisoma kweli. Zebaki ni nzito. Ilishuka chini ya pipa ikalala pale, siku baada ya siku, imefunikwa na kimo cha mtu cha maji, haioni ombwe, na ombwe haliioni. Nilikuwa nimeitunza vizuri sana, kwa adabu zote. Kisha nikaichukua ya miezi kumi na minne, nikaitandaza kwenye sakafu ya joto mbele ya utupu, kina cha vidole vitatu, na nilipoyakausha maji, hata vile vidole vitatu vya kuifunika havikuwepo. Nafasi ile ile niliyoyapa maji ya kuondokea niliipa na sumu.

Nilichomoa kipimo, nikakitumbukiza kwenye pipa la kwanza. Mshale ulipita mstari mwekundu. La pili, ukapita. La ishirini na saba ulipita mara tatu. Nilivaa vazi nikaingia sebuleni na tochi, na sakafuni, kwenye mabaki ya matope, vitone vya fedha vilikuwa vinakimbizana mbele ya buti zangu.

Nilisoma kitabu, safari hii bila kutabasamu. Mtu mzima akinywa maji ya kiwango hicho kwa wiki chache, pengine atatetemeka mikono, pengine hataona lolote. Mtoto aliye tumboni, kitabu hakikusema pengine.

Dunia huchungulia juu ya ukingo wa kreta wiki mbili kwa mwezi, na ilikuwa wiki yake. Nilimpigia Bukuru. Yeye ndiye aliyebaki Uvinza na makarai. Sauti yangu huchukua zaidi ya sekunde moja kumfikia na yake hivyo hivyo kurudi, kwa hiyo kila nikiuliza kitu nahesabu mbili na nusu kabla ya kusikia jibu. Tulikuwa tumeshazoea.

"Umefunga mizigo, mdogo wangu?" aliuliza. Amenitangulia kuzaliwa kwa robo saa na hajawahi kuacha kunikumbusha.

Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye maji ya kuanzia nilisikia akivuta pumzi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kwenye chombo chao wana kipimo?"

"Hawana."

"Maji safi unayo kiasi gani? Ya zamani, ya kabla ya sakafu."

"Mapipa mawili. Lita themanini."

"Mwenye mimba anahitaji sabini." Tangu shuleni alinishinda hesabu. "Mpe hayo. Mwambie ni zawadi yako kwake. Wale wengine ni watu wazima, wachimbaji, wameshavuta vumbi la kila aina. Watakunywa siku zao thelathini na tano watarudi kwa watoto wao. Na wewe utakunywa pamoja nao, Toyi. Huwapi kitu ambacho mwenyewe hukionji."

Nilikuwa nimeshaliwaza hilo kabla hajalisema. Aibu yake ni kwamba nilikuwa nimeshachukua chaki.

"Nikisema ukweli," nilimwambia, "hawawezi kusubiri. Mafuta yao ni ya baridi, yanachemka yenyewe kila saa wanayokaa chini. Machimboni wameshazima hewa, na hewa ya hapa ni ya mtu mmoja. Lazima waruke. Njia moja tu ndiyo itawapa maji safi: mtu arudishe haya machafu kwenye pipa refu, ayatoe polepole, na awarushie pipa moja kila siku. Mtambo hauendi peke yake."

Mbili na nusu.

"Mtu ni wewe."

"Ni mimi."

"Na chombo kinachofuata?"

"Miezi kumi na moja. Ndivyo wanavyosema."

"Walisema minane pia." Kulikuwa na jogoo akiwika nyuma yake, mchana, jogoo asiye na akili, na nilimwonea wivu. "Rudi nyumbani, Toyi. Nimechoka kuzungumza na wewe kwa kuhesabu."

"Bukuru. Wewe ungekuwa mmoja wao, ungependa usiambiwe?"

Nilihesabu mbili na nusu. Nikahesabu tano. Nikafika nane, na kati yetu hapakuwa na umbali wa kuelezea sekunde zile zilizobaki.

"Rudi nyumbani," alisema hatimaye, lakini kwa sauti ndogo, na sote wawili tulijua ameshajibu.

Nilizima redio. Nikaenda nikaandika kwa chaki, juu ya mapipa mawili ya zamani, herufi kubwa: NASIMIYU. Sitaki kujisafisha. Niliandika.

4

Huku Mwezini tuna desturi moja, nadhani ndiyo pekee tuliyoianzisha wenyewe. Anayetoa maji hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wanaopokea, kisha kikombe kinazunguka na kila mtu anapiga funda moja. Ilianza zamani, baada ya kituo kimoja kuuza maji mabaya. Hakuna anayepakia pipa kabla ya kikombe.

Waliingia wanne kwenye chumba cha mavazi, wengine wakibaki nje kuandaa kamba. Mwachofi alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na mvi zote upande mmoja wa kichwa. Wachimbaji wawili walinishika mkono kwa heshima na kusema pole kwa upweke, dada. Wa nne alivua kofia ya vazi lake kwa shida, akanitazama, na kunishika masikio yote mawili.

"Kumbe uko," alisema Nasimiyu. "Na moja halina hereni. Hukuniambia hiyo."

Ile iliyoingia weupe nilikuwa nimeirudisha kwenye sikio la pili. Mara ya mwisho mtu kunigusa ilikuwa miezi kumi na minne iliyopita, na aliyenigusa alikuwa anakagua vazi langu. Nasimiyu alikuwa na mikono mikubwa yenye joto, uso wa mviringo, tumbo lililoshindwa kufungwa vizuri ndani ya vazi. Alinikumbatia akiwa upande, kwa sababu ya tumbo, na nilimng'ang'ania zaidi ya adabu.

"Haya, tuna saa mbili na nusu," alisema Mwachofi. "Kikombe."

Nilichota kutoka pipa la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kunywa, na nilikuwa tayari kunywa kwa siku thelathini na tano, nikijihesabia kwamba hilo linanitosha mbele ya Mungu na mbele yao. Nilikinyanyua.

Nasimiyu alikuwa karibu yangu kuliko wote. Alinyoosha mkono, tayari kupokea funda la pili, na huku akitupa macho kwenye mapipa yaliyopangwa ukutani akaona jina lake.

"Mbona yangu yako kando?"

"Ni zawadi," nilisema.

"Aka. Mimi nimepika sufuria moja na hawa watu miaka miwili. Nitakunywa wanachokunywa." Akatikisa vidole vyake akingoja kikombe. "Kunywa upesi, nina kiu."

Nilikishusha kikombe. Nilikimwaga sakafuni, chumba kizima kikatazama yale maji, kwa maana hakuna mtu Mwezini anayemwaga maji, na nikasema. Nilisema vibaya, nikianzia mwisho, kwenye hereni, nikarudi kwenye sakafu, kwenye mama, kwenye koki ya chini. Nilisema na habari ya chaki. Nilipomaliza, Nasimiyu alikuwa amerudisha mkono wake na kuuweka tumboni.

"Ungesema lini?" aliuliza Mwachofi.

"Sijui kama ningesema."

Mchimbaji mmoja alitukana, kwa kilugha, taratibu. Mwachofi alitazama saa yake, kisha akatazama mapipa ishirini na saba aliyoyafuata kwa nusu ya mafuta yake. Nilimpa hesabu kabla hajaomba: lita themanini safi zitawafikisha jioni ya siku ya tatu, pipa la kwanza nitalirusha kesho kutwa, na moja kila siku baada ya hapo. Watu kumi na wanne wanahitaji lita ishirini na nane. Arobaini zinatosha na kubaki.

"Watu kumi na wanne," alisema.

"Ndiyo."

"Naweza kumwacha mmoja wa wanaume hawa."

"Hewa ni ya mtu mmoja, na wao hawajui mtambo. Mimi naujua." Kisha, kwa sababu ilikuwa kweli: "Sasa naujua."

Alikubali. Alikubali upesi, kama nahodha anavyopaswa, na nilimchukia kwa hilo dakika nzima. Nilitaka abishane. Nilitaka apige ukuta, aseme haiwezekani, tutajibana, tutakufa wote pamoja. Ningemkatalia, lakini nilitaka aseme. Badala yake aliniambia nihakikishe reli ina grisi ya kutosha.

Nasimiyu hakunikumbatia tena. Alivaa kofia yake, akahangaika na kifungo, nikamsaidia kukifunga. Kupitia kioo nilimwona anasema kitu, lakini redio yake ilikuwa bado haijawashwa, na sikuomba arudie.

Walipaa wakiwa na dakika arobaini za ziada. Mapipa mawili tu yaliondoka nami sikuondoka, na mwanga wa Malagarasi ulipopita juu ya ukingo niliona kivuli changu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

5

Nilianza kwa kufanya nilichoambiwa miezi kumi na minne iliyopita. Niliyarudisha maji yote ndani ya pipa refu, nikayaacha yatulie nusu siku, nikapiga magoti nikafungua koki ya chini. Kilichotoka hakikuwa kingi. Chupa moja ya soda, haikujaa. Lakini nilipoinyanyua mkono wangu ulivutwa chini, hata huku ambako kila kitu ni chepesi. Nikafungua tena, nikaacha maji yafuate, nikapoteza lita kumi kwa makusudi. Nilimwomba mama radhi kwa sauti.

Kisha pipa refu, uso mdogo, joto kidogo. Polepole. Mshale wa kipimo sikuuondolea macho. Sifuri.

Sebule haikaliki tena. Zebaki imeingia kwenye nyufa. Naishi chumba cha mavazi na mche wa pilipili.

Nilipojaza pipa la kwanza, kabla ya kulipeleka kwenye reli, redio ilikoroma. Walikuwa wanapita juu.

"Dada Toyi." Ilikuwa sauti ya Nasimiyu. Hakukuwa na kuhesabu. Alikuwa karibu kiasi hicho. "Umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Tutajuaje?"

Nilibaki nimeshika redio, kikombe kitupu mkono wa pili. Nilikuwa nimekunywa kweli, lakini hapakuwa na mtu wa kuniona, na mimi mwenyewe ndiye niliyefanya neno langu lisitoshe.

"Hamwezi kujua," nilimwambia.

"Lirushe," alisema.

Kesho yake walipita tena, na safari hii aliacha redio wazi. Nilisikia kifuniko kikifunguliwa, nikasikia maji yakimiminwa, kisha nikasikia watu wakinywa, mmoja baada ya mwingine, nikawahesabu. Walikuwa kumi na wanne. Hakuna aliyesema asante na sikuhitaji.

Tulifanya hivyo siku thelathini na tatu. Hatukurudi kwenye mazungumzo ya Jumatatu. Siku ya mwisho tu, chombo kikubwa kikiwa kimeshawasili, aliniuliza jina la mama yangu. Nilimwambia. Alilirudia mara mbili ili asilisahau, kisha wakaenda.

Sasa sina wa kumrushia. Mtambo hauwezi kuzimwa, maana mabomba yataganda, kwa hiyo kila siku kuna pipa, na kila siku thelathini naifungua koki. Leo asubuhi nilijaza jingine. Nilichota kikombe, nikasimama katikati ya chumba, nikageukia mlango pale waliposimama wale wanne, na nikanywa chote mbele yao.